Injini ya Mashua Inapokataa Kuwaka

Katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Rukwa, upande wa Mkoa wa Songwe, mashua yenye injini imekuwa kama punda wa nyumba. Huchukua wavuvi na nyavu zao, huchukua samaki, na ikibidi huchukua mgonjwa, mwalimu na mzigo wa unga. Hata walio mbali na ziwa, katika Tunduma na Vwawa na Mlowo, hula samaki walioletwa na mashua hizo. Basi injini ikikataa kuwaka, hasara si ya mwenye mashua peke yake. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari hii kwa taratibu, tukitumaini kuwa wakuu wa vijiji na walimu watawasomea wale wasiojua kusoma.

Tuanze kwa jambo tuliloliona kwa macho yetu. Siku moja wakati wa mvua tulipanda mashua, watu tisa pamoja na watoto wawili. Tulipofika katikati nahodha alizima injini ili kuondoa majani yaliyoviringana na panga la majini. Alipotaka kuiwasha tena, haikuwaka. Alivuta kamba hata ngozi ya mikono ikachubuka. Upepo ukaanza, jua likatua, na ndani ya mashua mlikuwa na kasia moja tu, nalo limevunjika ncha. Tulichukuliwa na mawimbi usiku kucha, tukiteka maji kwa sufuria, na alfajiri mashua ikagota katika matete. Tulishuka salama sote, lakini hakuna aliyesahau usiku ule.

Mwenye mashua alimwita fundi. Fundi alijaribu cheche, akaona hakuna, akasema, "Sanduku la cheche limekufa." Mwenye mashua akauza ng'ombe, akatuma kijana mjini kununua sanduku jipya. Likafungwa, cheche hakuna. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi karibu akishona nyavu. Akawaambia, "Wanangu, mmekwisha kuuliza kama injini hii imezimwa?" Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mzee akainuka, akachomoa waya mmoja tu, ule utokao kwenye kitufe cha kuzimia, akasema, "Vuteni." Injini ikawaka. Kumbe chemchemi ndogo ya kitufe kile ilikuwa imeshikwa na kutu, nacho kimebaki kimebonyea ndani tangu nahodha alipokibonyeza ziwani. Injini ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inatii amri ya kuzimwa. Ng'ombe alikwenda bure.

MATENGENEZO YA INJINI HII

Injini ya kufungwa nyuma ya mashua si kitu kipya duniani. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyekaa Milwaukee katika Marekani, alianza kuziuza mwaka 1909, na tangu hapo zimeenea katika maziwa na bahari zote. Zamani zote ziliwashwa kwa nguvu za mkono. Ama kuwasha kwa umeme, jambo hilo lilijulikana sana tangu Charles Kettering, Mmarekani, alipotengeneza mtambo uliowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Hata leo injini nyingi ndogo za wavuvi huvutwa kwa kamba, na nyingine kubwa zaidi zina ufunguo, betri na stata.

Kila injini ya petroli yataka mambo manne ili iwake: kuzungushwa, hewa, petroli na cheche. Likikosekana moja, matatu yaliyobaki hayafai kitu. Kwa hiyo mtu mwenye akili hafungui vyuma ovyo, bali hujiuliza: katika manne haya, ni lipi halipo?

Sasa sikilizeni kwa makini jambo la swichi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika gari, ukifungua ufunguo, swichi hupeleka umeme wa betri kwenye mtambo wa cheche. Waya ukikatika, cheche hukosekana. Lakini katika injini nyingi za wavuvi cheche haitoki katika betri. Chini ya gurudumu la juu mna sumaku na koili, na gurudumu likizunguka, umeme hutengenezwa papo hapo. Swichi ya kuzimia haileti umeme huo. Kazi yake ni kuuangusha, yaani kuuunganisha na chuma cha injini, ili upotee usifike kwenye plagi. Basi katika injini hizi, swichi ikiunganisha, cheche hufa. Swichi ikiachanisha, cheche huishi. Waya wa kuzimia ukikatika, injini itawaka ila haitazimika. Ukichubuka na kugusa chuma, au swichi ikijaa kutu na maji, injini haitawaka kabisa. Fundi aliyezoea magari tu hudanganyika kwa urahisi, kama yule wa hadithi yetu.

Swichi ya ufunguo ina kazi mbili zilizo kinyume. Ufunguo ukiwa mahali pa kuzima, huangusha umeme wa cheche. Ukiwa mahali pa kuwaka, huuachilia. Ukisukumwa mpaka mwisho, huchukua umeme wa betri na kuupeleka kwenye rilei, nayo rilei huufungulia umeme mkubwa uingie katika stata. Kwa hiyo swichi moja yaweza kuharibika upande mmoja na kubaki nzima upande wa pili: stata huzunguka vizuri wala cheche haipo, au cheche ipo lakini stata iko kimya.

Twatoa neno moja la hadhari hapa. Injini nyingi kubwa za siku hizi, zenye kupuliza mafuta kwa umeme, hutegemea betri kwa kazi zote. Mwenye injini ya namna hiyo na afuate kitabu chake.

KWANZA, TAZAMA BILA SPANA

Kabla hujashika chombo cho chote, tazama mambo haya matano. Hayachukui dakika tano, nayo huponya injini nyingi.

1. Kibanio cha usalama. Injini nyingi zina kamba nyekundu ambayo nahodha huifunga mkononi au mguuni, na kwenye ncha yake kuna kibanio kinachoingia chini ya kitufe cha kuzimia. Nahodha akianguka majini kibanio huchomoka, na injini huzimika isimkate kwa panga. Kibanio kisipokuwa mahali pake, waweza kuvuta kamba ya kuwashia hata kesho. Mara nyingi hupatikana kimekanyagwa chini ya nyavu.

2. Gia. Iwe katikati, isiende mbele wala nyuma. Injini nyingi zina kizuizi: gia ikiwa imeingia, kamba haivutiki au stata haipati umeme. Kizuizi hiki kimewekwa ili mashua isiruke ghafula na kumtupa mtu majini. Wakati mwingine gia huonekana kuwa katikati wala haijafika. Itikise kidogo, kisha jaribu tena.

3. Petroli. Je, imo? Kijitundu cha hewa juu ya kifuniko cha tangi kimefunguliwa? Mpira wa mafuta umeshika vizuri pande zote mbili? Mshale ulio juu ya pampu ya mkono waelekea injini? Minya pampu hata iwe ngumu. Kama haiwi ngumu, hewa inaingia mahali, au mafuta hayafiki.

4. Choki. Injini ikiwa baridi, ivute. Ikiwa imekwisha pata moto, irudishe.

5. Betri, kama ipo. Vichwa vyake vimekazwa? Vina unga mweupe au wa kijani? Vifungue, vikwangue mpaka ving'ae, uvikaze tena.

STATA INAPOKATAA

Kwa wale wenye injini ya ufunguo, masikio ni fundi wa kwanza. Geuza ufunguo usikilize.

Ukisikia kimya kabisa, umeme haufiki kwenye rilei. Tazama fyuzi kwanza. Ikiwa imeungua, tafuta kilichoiunguza kabla hujaweka nyingine. Usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi kamwe, maana waya ule utapita moto mpaka uchome mashua. Kisha tikisa gia. Mwisho pima swichi: chukua taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili, waya mmoja uufunge kwenye chuma cha injini, na wa pili ugusishe na waya uingizao umeme wa betri katika swichi. Taa ikiwaka, umeme wafika. Sasa gusisha waya uendao kwenye rilei, na mwenzako ausukume ufunguo mpaka mwisho. Taa isipowaka, swichi ndiyo mbovu. Ikiwaka, swichi ni nzima. Tafuta mbele yake, kwenye kizuizi cha gia, waya na rilei. Rangi za waya hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo zifuate kama kitabu kinavyoonyesha.

Ukisikia "ta!" moja, au "ta-ta-ta" ya haraka, lakini stata haizunguki, swichi ni nzima: amri imefika, nguvu haipo. Tuhumu betri na vichwa vyake kwanza, kisha rilei na stata. Betri ya volti 12 iliyojaa husimama karibu na volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikiwa 12 au chini yake, imekwisha kuchoka. Na kama yaonyesha 12.6 lakini huanguka chini ya 9 au 10 mara stata inapoitwa, betri hiyo imezeeka, ingawa redio yaweza kulia kwayo.

Stata ikizunguka, usiishikilie zaidi ya sekunde 10. Iache ipumzike, kisha jaribu tena. Betri ikiisha ukiwa ziwani, usikate tamaa: injini nyingi za kadiri zina mfuo juu ya gurudumu wa kuzungushia kamba ya dharura. Gia iwe katikati, nguo na kanga ziwe mbali, kisha vuta. Injini ikiwaka usijaribu kurudisha kifuniko, maana gurudumu linazunguka na litakamata mikono.

INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Hapa limebaki swali la petroli au cheche. Fungua plagi, itazame na kuinusa.

Plagi ikiwa imelowa petroli, mafuta yamefika, pengine yamezidi. Ikaushe, rudisha choki, vuta kamba mara kadhaa plagi zikiwa nje ili mvuke utoke, ukihakikisha kibanio cha usalama kimeondolewa ili cheche isiruke. Ngoja kidogo, kisha rudisha plagi ujaribu. Plagi ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, petroli haifiki: rudi kwenye tangi, mpira, chujio na kabureta. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta, na maji yaliyoingia katika tangi hukaa chini na kunyonywa kwanza. Mimina kidogo katika chupa nyeupe. Ikiwa mna maji, utayaona yamejitenga chini.

Kisha pima cheche. Rudisha kibanio cha usalama. Weka plagi katika kofia yake, mwili wa chuma wa plagi uguse chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ilikotoka na mbali na petroli yo yote iliyomwagika. Usiishike kwa mkono mtupu. Kama injini ina plagi mbili, zote mbili ziguse chuma, maana kuvuta kamba hali kofia ikining'inia tupu kwaweza kuharibu sanduku la cheche. Mwenzako avute. Cheche njema ni ya samawati, nayo hulia. Cheche nyekundu na dhaifu, au isipokuwapo, jaribu plagi mpya kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko vyote.

Plagi mpya nayo isipotoa kitu, fanya alivyofanya mzee yule. Tafuta waya wa kuzimia utokao kwenye kitufe au swichi ya ufunguo, uuchomoe mahali unapoungana na injini, na ncha yake usiiache iguse chuma. Vuta tena. Cheche ikirudi, sanduku na koili ni nzima, na ubovu uko katika swichi au waya wake. Isiporudi, hapo sasa ndipo ilipo haki ya kuvituhumu koili na sanduku, na kumtafuta fundi mwenye vipimo. Jaribio hili halina gharama hata ya senti moja, nalo lapasa kutangulia manunuzi yote.

Lakini jihadharini! Injini inayokwenda hali waya wa kuzimia umechomolewa haizimiki kwa kitufe, wala kibanio cha usalama hakitamwokoa atakayeanguka. Huzimwa kwa kuvuta choki au kuchomoa mpira wa mafuta. Kwa hiyo tumia njia hii kurudia nyumbani tu, pole pole, watu wote wakiwa wameketi, kisha swichi itengenezwe kabla ya safari nyingine. Tumewaona wengine wakikaa na waya uliochomolewa mwaka mzima kwa kuwa injini "inakwenda". Hao wanachezea maisha ya watu.

KULINDA NI BORA KULIKO KUTENGENEZA

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka kwenda baharini. Maji huingia kwa Mto Songwe, Mto Momba na mingineyo, na hutoka kwa kukaushwa na jua tu. Kwa hiyo magadi na chumvi hubaki. Watu wa Ivuna, ambao wazee wao walipika chumvi tangu karne nyingi, hawahitaji kufundishwa jinsi chumvi inavyokula chuma. Swichi ya injini ina vipande vidogo vya shaba na chemchemi nyembamba. Tone la maji ya magadi likiingia na kukauka kila siku, mwisho chemchemi hushikwa na shaba huota ukungu wa kijani.

Basi baada ya kazi, pangusa swichi na viungo vya waya kwa kitambaa kilichokamuliwa maji safi, kisha kikavu. Paka grisi kidogo katika vichwa vya betri. Kila juma bonyeza kitufe cha kuzimia uone kama chatoka chenyewe. Vuta kibanio cha usalama injini ikiwaka. Isipozimika, kuna kasoro. Injini zinazochanganyiwa mafuta katika petroli zichanganyiwe kwa kipimo: kwa nyingi ni lita 1 ya oili ya injini hizo kwa lita 50 za petroli, lakini kitabu cha injini yako ndicho hakimu. Usigeuze waya za betri, chanya mahali pa hasi, wala usifungue betri injini ikiwaka, kwani makosa haya mawili huua vyombo vya umeme kwa dakika moja.

Na katika kila mashua pawe na kijisanduku kisichopenya maji, chenye spana ya plagi, plagi mpya, fyuzi, kibanio cha pili, kamba ya dharura, bisibisi na kitambaa kikavu. Kisha, hata injini ikiwa mpya kama leo, yawepo makasia mawili mazima, nanga yenye kamba, chombo cha kutekea maji, na koti la kuelea kwa kila mtu. Mtu mwenye kasia na nanga, injini ikimkatalia, amechelewa tu; asiye navyo amepotea.

Twawaomba wakuu wa vijiji vya pwani ya ziwa wawaulize manahodha juu ya vitu hivyo kabla abiria hawajapanda, na walimu wawaonyeshe wanafunzi wao kwa betri ndogo na taa maana ya umeme kuunganishwa na kuachanishwa. Mtoto aliyeelewa jambo hilo shuleni hatamwacha baba yake auze ng'ombe kwa ajili ya kitufe.

Mwenye mashua ya hadithi yetu angali ana lile sanduku alilolinunua bure. Amelitundika ukutani, karibu na mlango, nasi tulipomtembelea tulimwuliza kwa nini. Akajibu, "Nilimlipa ng'ombe mzima mwalimu huyu. Acha anifundishe kila ninapotoka."